Pikipiki Inapotikisa Kichwa

Kiriri ni mtaa wa mlimani, upande wa mashariki wa jiji la Bujumbura. Aliye huko huliona Ziwa Tanganyika limetandaza maji yake chini, na ng'ambo milima ya Uvira katika Kongo. Kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi iko huko pia. Mwendeshaji wa pikipiki anayeshuka kutoka mtaa huo kwenda mjini hutegemea vitu viwili: breki na usukani. Breki ikilegea hujulikana upesi. Usukani ukiugua huanza kwa kutetemeka kidogo tu, na watu wengi hudhani kuwa barabara ndiyo mbovu.

Ndivyo alivyodhani sajini mmoja aliyekuwa na lindo huko Kiriri, na nyumba yake iko chini, katika mtaa wa Buyenzi. Pikipiki yake ilikuwa Yamaha DT 125, ya aina ile inayotumika kwenye lami na kwenye njia za vumbi vilevile. Pikipiki za aina hiyo zilipata umaarufu tangu mwaka 1968, Yamaha ilipoanza kuuza DT-1 yenye sisi 250. Ni nyepesi, zimeinuka, matairi yake yana meno, na madigadi ya mbele huwekwa juu ili tope lisinase. Sifa hizo huzisaidia njiani porini. Kwenye lami, hata hivyo, meno ya tairi huliwa vibaya, na madigadi yaliyoinuliwa hupigwa na upepo.

Aliyeutambua ugonjwa kwanza hakuwa sajini bali mkewe. Mama huyo ni mshoni, na baadhi ya wateja wake wako Kiriri. Jioni waliteremka pamoja, yeye nyuma na furushi lake la nguo. Akaona kwamba kila mumewe alipoachia mafuta, mabega yake yalikakamaa.

"Baba watoto, usukani una nini?" aliuliza.

"Barabara tu hiyo, mama," alijibiwa.

Kesho yake walipita pale palipo na lami nzuri, na mabega yakakakamaa vilevile. Siku ya tatu mama alishuka mlima kwa miguu, furushi kichwani. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba nyumbani kuna watoto watatu, na si vema wazazi wote wawili wakae juu ya chombo kimoja kinachotikisa kichwa.

Maneno hayo yalimchoma sajini. Akaenda kwa fundi aliye karibu na lindo lake. Fundi huyo aliitazama pikipiki akiwa amesimama, kisha akaamua kwamba shokapu zote mbili za mbele zinunuliwe mpya. Bei yake ilikaribia karo ya watoto kwa muhula mzima. Sajini alikuwa tayari kutoa fedha hizo, lakini mkewe alimwuliza swali moja: "Fundi aliligusa gurudumu?" Hakuligusa.

Basi pikipiki ikapelekwa kwa fundi mzee wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wenye mafundi wengi wa magari na pikipiki. Mzee huyo hakushika spana. Aliuliza kwanza: mtikisiko huja katika mwendo gani? Huja mafuta yakivutwa au yakiachiwa? Na huzidi pikipiki ikiwa na mzigo, au hata ikiwa tupu? Sajini alijibu kwamba huja mwendo unapopungua kutoka kilomita 70 kufika 50 kwa saa, mafuta yakiachiwa, na huzidi nyuma kukiwa na mtu.

Mzee alieleza kwa mfano wa kitanda cha hospitali chenye magurudumu madogo. Kikisukumwa taratibu, gurudumu hufuata. Kikisukumwa mbio, nalo limelegea, huanza kupiga huku na huku kwa haraka. Gurudumu la mbele la pikipiki limetegwa namna hiyohiyo: hugusa ardhi nyuma kidogo ya mstari linapozungukia, ndiyo maana hujirudisha lenyewe mbele. Kitu kikilegea au kikipinda, hujirudisha kupita kiasi, likaenda upande wa pili, likarudi tena. Huo ndio mtikisiko. Chanzo chake mara nyingi si kimoja, bali ni makosa madogo mawili au matatu yaliyoshikana mikono. Kwa hiyo uchunguzi huanzia kwenye kitu kisichogharimu fedha.

Kwanza ni upepo. Matairi yote mawili hupimwa yakiwa baridi na kujazwa kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Tairi la mbele la sajini lilikuwa limepungukiwa. Tena meno yake yalikuwa yameliwa upande mmoja, kama meno ya msumeno.

Pili ni gurudumu. Injini iliwekewa kreti chini yake hata gurudumu la mbele likaning'inia. Mzee alizigonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Iliyokazwa hulia, iliyolegea hutoa sauti butu. Kisha alikishika kijiti karibu na rimu na kulizungusha gurudumu, ili aone kama rimu imepinda. Mwisho alilisukuma tairi kwa upande: likicheza, beringi za gurudumu zimekwisha. Hapo hapakuwa na kosa.

Tatu ni shingo ya usukani. Mzee alizishika shokapu kwa chini, akazivuta na kuzisukuma. Mgongo mdogo ulisikika, "ko, ko". Kisha aliuzungusha usukani polepole kwa kidole kimoja kutoka upande hadi upande. Ulipofika katikati ulinasa kidogo, kama mlango ulioingia kwenye komeo. Maana yake ni kwamba gololi za shingo zimechimba vishimo katika bakuli zake. Kukaza nati peke yake hakuponyi vishimo. Sharti gololi na bakuli zibadilishwe na kutiwa grisi mpya. Baada ya hapo nati hukazwa mpaka mchezo uishe, lakini usukani ubaki huru kuanguka upande wowote kwa uzito wake. Ukikazwa mno, pikipiki huyumba kama mlevi katika mwendo mdogo.

Nne ni kunyooka. Pikipiki iliyoanguka huweza kuwa na shokapu zilizojisokota katika vishikio vyake bila kupinda. Bolti za vishikio na za ekseli hulegezwa kidogo, breki ya mbele hubanwa, usukani hukandamizwa mara kadhaa, kisha bolti hukazwa tena. Nyuma nako hutazamwa: mkono unaoshika gurudumu usicheze, na kamba ikivutwa kando ya matairi yote mawili ionyeshe kwamba yamefuatana.

Dawa ya pikipiki ya sajini ilikuwa tairi moja, gololi, bakuli mbili na grisi. Shokapu zilikuwa nzima, na karo ya watoto ilibaki salama.

Mzee alitoa onyo juu ya kile kifaa cha kuzuia usukani usitikisike, ambacho wengine hukimbilia kukifunga. Kina kazi yake kwa pikipiki nzima inayokwenda kasi. Kwa pikipiki mbovu ni kama dawa ya kutuliza maumivu kwa mtu aliyevunjika mfupa: maumivu hupungua, mfupa hubaki umevunjika.

Mtikisiko ukimkuta mtu njiani, hofu humtuma aubane usukani kwa nguvu zote na kushika breki ghafla. Mambo hayo mawili ndiyo huangusha. Inafaa mikono ilegee bila kuachia, magoti yalibane tangi, mwili uiname mbele kidogo, mafuta yapunguzwe taratibu, na breki ya mbele isiguswe mpaka usukani utulie. Mzigo mzito nao usiwekwe nyuma kabisa kwenye keria, kwa maana huinua uzito kutoka gurudumu la mbele.

Askari hufundishwa kuikagua silaha yake kabla ya lindo, ingawa jana ilikuwa nzima. Pikipiki inayowabeba mke na watoto inastahili heshima hiyo. Upepo, spoku, beringi na shingo huweza kuchunguzwa kila mwisho wa juma kwa muda mfupi, kwa kreti moja na spana moja. Na mwenye kukaa nyuma asinyamaze kwa kudhani kwamba mambo ya chombo si yake. Anayeendesha huuzoea ubovu siku hata siku mpaka akauona kuwa ni kawaida. Anayebebwa huusikia bado. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku kwenye miteremko ukuta wenyewe huwa ni uhai wa watu wawili.