Jamaa wa Goba na Simulizi ya Fisi Wawili: Kaiba au Karithi?

Wadau wa simulizi za mtandaoni mnajua kazi inavyokwenda. Sehemu ya kwanza mpaka ya tano unasoma bure, ya sita inakatiwa pale pale moyo unapodunda, halafu unaambiwa tuma buku mbili uingizwe kwenye grupu la WhatsApp upate mzigo wote. Kuna jamaa mmoja wa Goba anaishi kwa kazi hiyo. Mchana anasimamia kibanda cha PlayStation cha mtu, usiku anaandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Chumba chake ni cha uani, kodi inalipwa miezi sita kwa mkupuo, na pesa ya kodi haitoki kibandani. Inatoka kwa majini.

Simulizi iliyomtoa ilikuwa ya fisi wawili. Tajiri mmoja ana ndugu zake wawili, wivu umewajaa, wakamtosa baharini. Jini wa kike ambaye tajiri aliwahi kumwokoa akaja kulipa fadhila: akamtoa majini, akawageuza wale ndugu kuwa fisi, akaacha na amri. Kila usiku uwachape viboko. Usiku usipowachapa, na wewe utakuwa kama wao. Jamaa akaiweka Goba ya leo: jumba la ghorofa, ukuta mrefu wenye waya wa umeme, fisi wamefungwa nyuma ya nyumba, majirani wanasikia mlio usiku wanadhani ni mbwa wa ulinzi. Watu walipagawa.

Mwezi mmoja kabla ya kodi kuisha, grupu likawaka moto. Mwanachama mmoja, mwanafunzi wa chuo, alipiga picha kurasa za kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, akazimwaga humo ndani. Ndugu watatu, wawili wana wivu, wanatosa mtu baharini, jini anaokoa, wanageuzwa manyani, wanachapwa kila usiku. Chini yake akaandika kwamba wameuziwa kitabu cha mwaka 1952 kwa buku mbili. Ndani ya saa moja watu wakaanza kudai chao. Mwingine akaongeza kwamba hata yale mapigano ya upanga kakopi kwenye magemu ya kibandani kwake. Mshkaji aliyekuwa anapokea miamala akazima simu.

Kilichomuuma jamaa ni kwamba kitabu chenyewe hajawahi kukisoma. Sekondari alikimbilia sayansi, Kiswahili alipita nacho kwa notsi za kuazima. Hadithi ya ndugu waliogeuzwa wanyama aliipata kwa bibi yake Pangani, taa ya chemli ikiwaka, enzi ambazo umeme haujafika kwao. Lakini hilo nani angemwamini?

Aliyemwamini ni mtu ambaye hakutegemea. Mama mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na jamaa alipokwenda kuomba aongezewe muda wa kodi, ilibidi aeleze sababu.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba baba. Kodi ni kodi, hilo tusilizungushe. Ila hebu niambie, bibi yako alisema waligeuzwa manyani?”

“Hapana Mwalimu. Mbwa. Fisi niliweka mimi, niliona wanatisha zaidi.”

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. “Basi hukuiba kwa Shaaban Robert. Mbwa hawamo kwenye kitabu chake. Mbwa wamo kwenye Alfu Lela u Lela.”

Na ndivyo ilivyo. Kwenye hadithi za Kiarabu za usiku elfu moja na moja kuna kisa cha Abdallah bin Fadhil na ndugu zake wawili, waliogeuzwa mbwa na kuchapwa kila usiku. Visa vya aina hiyo vilifika pwani yetu zamani na kusimuliwa na watu ambao hawakuwahi kushika kitabu. Askofu Edward Steere alipochapisha ngano za Kiswahili alizokusanya Zanzibar, mwaka 1870, majini na wanyama wanaosema walikuwa wamejaa tele humo. Shaaban Robert, mtoto wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909, alikichukua kisa kile, akabadilisha majina, mbwa wakawa manyani. Bibi wa Pangani naye aliwabakiza mbwa wake. Wawili hao walichota kisima kimoja, kila mtu kwa ndoo yake.

Huo ndio mwenendo wa hadithi za ajabu duniani kote, na mashabiki wa magemu wangetakiwa kuwa wa kwanza kuujua. Prince of Persia, gemu aliyoitengeneza Mmarekani Jordan Mechner mwaka 1989, ilitokana na hewa hiyo hiyo ya Alfu Lela: jumba la mfalme, waziri mwovu, binti aliyefungiwa. Kwa maneno mengine, bibi wa Pangani na kijana aliyeshika pedi pale Goba walikuwa wanakula sahani moja.

Tukija kwa mapanga na mazimwi ya Kizungu, baba yao anaitwa J.R.R. Tolkien, mwalimu wa Oxford aliyetoa The Hobbit mwaka 1937 na The Lord of the Rings kati ya 1954 na 1955. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, wakatoa mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons. Humo ndimo ilimosambaa ile tabia inayoonekana leo kwenye magemu kibao: unaanza dhaifu, unapata uzoefu, unapanda ngazi, na una kiasi cha uhai kinachopungua kila ukipigwa. Mchezo huo ulikuwa na hobiti waziwazi. Wenye haki za Tolkien wakaja juu, jina likabadilishwa, hobiti wakaitwa halfling, na mchezo ukaendelea. Neno “hobiti” lilikuwa na mwenyewe. Kiumbe mfupi anayetoka kwao kwenda kukabili hatari hakuwa na mwenyewe. Na Tolkien huyo huyo majina ya watu wake wafupi wenye ndevu, pamoja na jina Gandalf, aliyatoa kwenye shairi la kale la Iceland.

Vitabu vyetu pia vimezaana. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambapo mshitakiwa Karama anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi akatoa Walenisi, ambapo mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa angani na kujikuta kwenye nchi nyingine kabisa. Aliyesoma cha kwanza akishika cha pili, masikio yanamsimama. Hakuna anayemwita Mkangi mwizi, kwa sababu alikuwa na jambo lake la kusema.

Hapo ndipo Mwalimu alipombana jamaa. Kuchota si kosa, alimwambia, lakini yeye ameongeza nini? Ghorofa na waya wa umeme ni mapambo tu. Katika kisa cha Kiarabu, wale ndugu wanasamehewa, wanarudia ubaya wao, wanaishia kuuawa. Shaaban Robert alikataa mwisho huo. Wake walirudishiwa ubinadamu na wakatubu kweli. Mabadiliko hayo ndiyo yalikifanya kitabu kuwa chake.

“Wa kwako wanaishaje?”

Jamaa hakujibu. Mpango ulikuwa kuwachoma moto fisi wote wawili sehemu ya 30, kwa sababu ndicho grupu zima lilichokuwa linapigia kelele. Mtu akilipa buku mbili anataka kuona mbaya anaumia.

Alikaa siku nne bila kutuma kitu. Siku ya tano akaandika grupuni kwamba kisa ni cha bibi yake, na kabla ya bibi ni cha Alfu Lela, na Shaaban Robert alikisimulia vizuri kuliko yeye, anayetaka kukisoma akakinunue. Anayetaka pesa yake atarudishiwa. Watu tisa walidai, wote walirudishiwa, na hiyo ilikuwa pesa ya kodi.

Kisha akatuma sehemu ya 30. Usiku ule tajiri anatoka na kiboko kama kawaida, nyuma yake kasimama binti yake wa miaka minane. Mtoto anamsikia fisi mmoja akilia, anaitambua sauti. “Baba, huyo si ba’mdogo?” Tajiri anatazama kiboko, anakumbuka sharti la jini, anakiweka chini. Anarudi ndani kulala na mwanawe. Asubuhi mama anafungua mlango wa nyuma kuwapa fisi maji, anawakuta watatu.

Grupu lililipuka upya. Wengine walitukana kwamba mbaya kashinda. Wengine walituma sauti wanalia. Dada mmoja aliandika kwamba ana kaka yake hajasemeshana naye tangu msiba wa baba yao, sababu ni kiwanja, na kwamba usiku ule alimpigia. Kwamba kaka alipokea au hakupokea, hakusema.

Kodi ililipwa ya miezi minne. Mwalimu akampa mpaka mwisho wa mwezi kwa miwili iliyobaki, pamoja na Adili na Nduguze ya kuazima, jalada limetoka.

Yule mwanachuo bado anasema huo ni wizi wenye maelezo mazuri. Yumo grupuni hadi leo, na pesa yake hajadai. Wewe mdau, ungedai buku mbili yako?