Mteremko Mmoja, Majibu Mawili

Asafiriye kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi huiona Same kuwa nchi ya mkonge, miiba na vumbi. Lakini ainuapo macho huiona milima ya Upare Kusini imevaa mawingu, na kilele chake, Shengena, chafika mita 2,462. Mvua ya juu na ukame wa chini ni majirani wa siku zote. Kati yao wazee walichimba ndiva, mabwawa ya udongo yapokeayo maji ya vijito usiku kucha, ili mchana yafunguliwe kwa zamu na kupita mferejini mpaka mashambani.

Nilitaka kujua jambo moja tu: je, shamba lililo mbali na ndiva huvuna mahindi machache kuliko lililo karibu? Mjomba wangu alikuwa mjumbe wa kamati ya maji katika bonde la Makanya, na kamati ilikuwa ikibishana juu ya fedha kidogo: zijenge upya ukingo wa ndiva, au zisakafie mfereji uvujao? Kama umbali haudhuru, mfereji ungeweza kungoja. Niliahidi kuleta jibu.

Hesabu niliyoitumia huitwa regresheni, jina litokalo kwa Mwingereza Francis Galton, aliyeandika mwaka 1886 juu ya vimo vya wazazi na watoto wao. Humpa mtu mteremko: mwendo ukizidi kwa dakika moja, mavuno hubadilika kwa kiasi gani. Jedwali nililiandika katika SPSS chuoni, nikalihamisha kama maandishi matupu, nikalitia katika R nyumbani. Mteremko ukawa karibu na sifuri. Nikamwambia mjomba kwamba umbali si kitu. Hakubisha, aliuliza tu, "Umbali wa wapi, mpwa wangu? Wa kule juu au wa huku chini?" Nililiona swali la mtu asiyejua hesabu, nikalipita.

Wiki ile ile nilirudia kazi chuoni kwa SPSS, na mteremko ukashuka kama genge. Jedwali moja, swali moja, majibu mawili! Nililaumu mashine hii, kisha ile, nikalala bila kula.

Mashine hazikuwa na hatia. Nilikuwa nimeruhusu mteremko wa mlimani utofautiane na wa tambarare, na katika hesabu ya namna hiyo lazima kundi moja liwe msingi. R huchukua kundi la kwanza kwa alfabeti, nalo ni mlimani; SPSS, kwa njia niliyoitumia, huchukua la mwisho, nalo ni tambarare. Basi moja ilinisomea mteremko wa watu wa juu, ambao mvua huwatosha, na nyingine ilinisomea wa watu wa chini. Zote zilisema kweli. Swali nililolipita ndilo lililokuwa ufunguo, na nilikwenda kumwomba mjomba radhi kabla kamati haijakutana.

Nikaiagiza R nayo ianzie tambarare. Majibu yakakaribiana, wala hayakulingana. Ndipo nilipofanya ambalo lilipasa kufanywa kwanza: kuhesabu kaya ambazo kila programu ilizitumia. R ilikuwa na kaya zaidi. Mahali ambapo mtu hakutaja dakika za mwendo niliandika 999, na SPSS niliiambia kuwa alama hiyo maana yake ni hakuna jibu. Maandishi matupu hayakubeba maelezo hayo, na R ikaamini kwamba wapo watu watembeao zaidi ya saa 16 kufika ndivani, ikaulaza mteremko kwa ajili yao. Nilipozifuta alama zile, programu mbili zikapatana hata tarakimu ya mwisho.

Ningeweza kuridhika. Lakini niliyapitia majina ya kaya nilizozifuta, nikaona kwamba karibu zote ni za tambarare, mwisho kabisa wa mfereji. Nikapanda baiskeli. Bibi mmoja alinipokea chini ya mwarobaini, nikamwamkia, nikamkumbusha kwamba mwaka uliopita alisema hajui umbali wa ndiva.

"Sikusema sijui, mjukuu wangu," alijibu. "Nilisema siendi tena."