Kosa Liko Mstari wa Ngapi?

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi sikuwa na haja na kompyuta ila wakati wa kupiga chapa mitihani. Lililonitia katika habari hizi si udadisi bali udugu. Binti wa dada yangu, ambaye anakaa nyumbani kwangu hapa Nyakabiga ili awe karibu na masomo yake, alishindwa mtihani wa vitendo wa kuandika programu katika lugha iitwayo Python. Ilibaki awamu ya pili tu, baada ya majuma sita. Shemeji yangu alituma ujumbe mfupi kutoka Gitega: akishindwa tena, atarudi nyumbani kumsaidia mama yake dukani.

Walimu wenzangu watakaosoma haya wasidhani kwamba nataka kuwafundisha ufundi huo; sina ujuzi wa kutosha. Nataka kueleza tu yaliyonipata nilipoombwa kutafsiri maneno machache ya Kiingereza.

Anayeijua Nyakabiga anajua kwamba ni mtaa wa wanafunzi. Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi iko karibu, vyumba vya kupanga ni vingi, na havikosekani vibanda vya kupiga chapa na kutoa fotokopi. Katika kimojawapo alikuwapo kijana hodari ambaye mpwa wangu alimpelekea programu zake kila zilipokataa kwenda. Kijana hutazama, huguguna, hupiga vidole mara tatu nne, kisha programu hukimbia. Binti hulipa, hushukuru, hurudi nyumbani. Siku ya mtihani kijana hakuwapo.

"Mjomba," aliniambia jioni moja, "wewe unajua Kiingereza. Nisaidie kusoma maneno haya mekundu tu. Mengine nitajitahidi mwenyewe."

Nikavuta kiti. Maneno mekundu yalikuwa mistari mitano au sita, nami nikaanza kusoma kutoka juu, kama ilivyo desturi ya mtu aliyefundishwa kuisoma barua kuanzia salamu. Sikuelewa kitu. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba ripoti ya kosa katika Python hupangwa kinyume: juu hutajwa njia iliyopitwa, yaani faili gani na mstari wa ngapi, na sababu yenyewe huja mwisho kabisa. Ajabu ni kwamba mpwa wangu alikuwa ameiona mistari hiyo kwa mwaka mzima, wala hakuna aliyemwambia aanzie chini.

Mstari wa chini siku ile ulisema: NameError: name 'jumla' is not defined. Nikakimbilia kamusi, nikamwambia, "Jina jumla halijafafanuliwa." Akanitazama bila kusema neno. Alikuwa na haki. Kufafanua kwetu sisi ni kulieleza jambo gumu likawa jepesi, na hilo jina jumla halikuwa gumu hata kidogo. Nikafikiri, nikasema tena: "Mashine inasema haimjui mtu huyu. Hajatambulishwa kwake." Hapo akachangamka: "Lakini nimemtambulisha, mjomba, mstari wa pili!" Tukapanda hadi mstari wa pili. Kule alikuwa ameandika Jumla kwa herufi kubwa, na huku chini jumla kwa herufi ndogo. Kwetu sisi, Bujumbura na bujumbura ni mji mmoja, ulioandikwa vibaya mara moja. Kwa Python ni miji miwili.

Tangu jioni ile tukawa na desturi. Yeye anasoma mstari wa mwisho kwa sauti, mimi natafuta Kiswahili chake, naye anatafuta kosa. Tukaweka daftari, upande mmoja maneno ya mashine, upande wa pili maneno yetu. Aliniuliza kwa nini lugha hiyo ikaitwa chatu. Nikatafuta, nikaona kwamba mtungaji wake, Mholanzi Guido van Rossum, aliyeitoa mara ya kwanza mwaka 1991, hakuwa akifikiria nyoka. Alikuwa akiwakumbuka wachekeshaji wa Kiingereza wa Monty Python waliokuwa wakionekana katika televisheni ya BBC. Binti akasema haoni mahali pa kucheka.

Makosa mengine yalikuwa ya nchi yetu hasa, na haya ndiyo yaliyonivuta. Mpwa wangu alizoea kuandika programu zake kwanza katika programu ya kuandikia barua, iliyowekwa katika Kifaransa, kisha akazinakili. Sasa programu ile ya barua, kwa adabu yake ya Kifaransa, kila mtu akiandika alama za kunukuu zilizonyooka huzigeuza kuwa « na ». Python haizijui alama hizo. Ikalalamika kwamba kuna herufi isiyofaa ndani ya jina, wakati palipohusika hapakuwa na jina lolote, nasi tukahangaika saa nzima kutafuta jina hilo.

Lingine ni mkato. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunaandika kumi na mbili na nusu hivi: 12,5. Mpwa wangu alikuwa akitunga programu ya kutafuta wastani wa alama za mwanafunzi. Akaandika ndani yake kwamba alama ni 12,5, na mashine ikanyamaza. Alipoitaka imwonyeshe alama hiyo, ikamletea 12 na 5 ndani ya mabano, vitu viwili vilivyofungwa pamoja, kwa sababu kwa Python sehemu ya desimali hutanguliwa na nukta, na mkato ni wa kutenganisha vitu.

Kuna na kosa la kitabu. Alikuwa na fotokopi ya kitabu cha zamani, akainakili programu ya kwanza neno kwa neno, ikakataliwa. Akajilaumu. Kumbe kitabu kilikuwa cha Python ya pili, ambamo neno print liliandikwa bila mabano. Python ya tatu, iliyotoka mwaka 2008, inadai mabano, na ile ya pili iliachwa kutunzwa mwanzoni mwa mwaka 2020. Wanafunzi wangapi wamejiona wajinga kwa sababu ya fotokopi?

Lakini somo lililonifaa kama mwalimu wa lugha lilitoka katika jumla ya alama. Programu ilimwuliza mtumiaji alama mbili, akajibu 12 na 14, nayo ikatangaza kwamba jumla ni 1214. Mpwa wangu aliishika kompyuta kana kwamba ina homa. Sababu ni hii: chochote kinachopigwa kwenye kibodi kwa kujibu swali, Python hukipokea kama maandishi, hata kikiwa na sura ya namba, mpaka mwandishi aseme wazi kwamba anataka kigeuzwe namba. Na maandishi yakijumlishwa huunganishwa tu, moja nyuma ya lingine. Nikamwambia, "Basi hizi ni ngeli. Kila kitu kina ngeli yake, na kitendo hufuata ngeli ya kitu, si sura yake. Kifaru kina sura ya ki-vi, lakini tunasema kifaru amekufa." Tangu hapo kila mashine ilipolalamika kuhusu aina za vitu, yeye aliuliza kwanza: "Hiki ni cha ngeli gani?" Aghalabu alipata jibu.

Nisije nikaonekana kama niliyefaulu kila siku. Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika mara mbili, mtihani ulikuwa umebaki majuma mawili, na mashine ilikuwa ikionyesha kosa katika mstari wa 9, mstari ambao ulikuwa safi kabisa. Mimi niliona kwamba mabano yalifunguliwa mstari wa 8 hayakufungwa. Kompyuta yake ni ya zamani, ya Windows 7, ambayo haipokei Python iliyopita 3.8. Toleo la 3.10, lililotoka mwaka 2021, husema waziwazi kwamba mabano hayakufungwa. Hilo lake husema pale lilipokwama tu, si pale mtu alipokosea. Nilikuwa nimechoka. Nikaivuta kibodi, nikaweka mabano, programu ikakimbia.

Binti hakushukuru. Alisema kwa upole, "Sasa, mjomba, umekuwa yule kijana wa kibandani."

Sikulala upesi usiku ule. Mezani palikuwa na daftari za insha za darasa langu, nilizokwisha kuzisahihisha. Nilizifungua. Kila penye kosa nilikuwa nimekata neno kwa wino mwekundu na kuandika lililo sahihi juu yake. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwamba baba yake alimnunulia karamu mpya ya shule. Sisi Warundi l hutuponyoka, na katika Kirundi kalamu yenyewe ni ikaramu. Basi mtoto amemnunulisha baba yake sherehe nzima. Hilo ni kosa lisilosema kitu, kama mtu anayetaka wastani wa 12 na 14 akaandika 12 + 14 / 2 akapewa 19 bila onyo lolote, kwa kuwa kugawanya hutangulia. Nilikuwa nimeikata r na kuweka l. Nilipofungua insha zake za nyuma nikakuta karamu nyingine tatu, zote nimezirekebisha mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mpwa wangu alifanya mtihani wake. Aliniambia baadaye kwamba maneno mekundu yalimtokea mara tano, na mara ya nne mikono ilimtetemeka kwa sababu mstari uliotajwa haukuwa na kosa. Akapanda mstari mmoja juu, akayakuta mabano wazi. Alipata 11 juu ya 20. Shemeji yangu aliuliza kama hiyo ni alama ya kupitia, akajibiwa ndiyo, akatuma ada.

Kwangu mambo hayajawa mepesi hivyo. Siku hizi siandiki neno sahihi juu ya kosa. Naandika pembeni namba ya mstari na neno moja, kama vile "ngeli" au "sauti", mwanafunzi atafute mwenyewe. Kazi hii inakula muda mara mbili, na darasa lina watoto wengi. Wiki iliyopita yule wa karamu alinijia na daftari lake mkononi, amenuna. "Mwalimu," alisema, "mimi hujanisahihisha." Nikamwonyesha namba niliyoiandika pembeni. Akakaa palepale kwenye kizingiti cha mlango, akaanza kuhesabu mistari.