Asimsogelee

Mama mdogo alipewa talaka na Mahakama ya Mwanzo mwanzoni mwa mwaka 2014, na vitisho vilianza wiki ile ile. Kwa mahakama ndoa ilikuwa imekwisha. Kwa mtalaka wake haikuwa imekwisha. Alikuwa akipiga simu usiku wa manane, anakaa kimya, anakata. Kisha zikaja meseji. Asubuhi anaegesha pikipiki pale Bigwa njia ya Kisaki inapoachana na barabara ya zamani ya Dar es Salaam, anamsubiri mama mdogo apite na mikungu yake ya ndizi. Hakumgusa wala kumsemesha. Alimkodolea macho tu mpaka apande daladala.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi hupita upande huo huo. Kwa hiyo mama mdogo hakukosa pa kurudi: alikuwa na nyumba ya bibi, migomba kwenye mteremko, na mjomba anayesikilizwa. Mjomba alimwita yule bwana, naye akaja na wazee wake, wakanywa chai, akaomba radhi kwa adabu zote. Kesho yake meseji ikasema: "Umenishtaki kwa mjomba wako, sasa utaona." Ukoo uliweza kumzuia asikanyage shambani. Barabarani haukuwa na la kumfanya.

Tukaenda polisi. Kituo cha kwanza sitakitaja. Askari wa kaunta alisikiliza huku akiandika mambo mengine.

"Amekupiga?"

"Hapana, afande."

"Amekujeruhi?"

"Hajanijeruhi. Anasema atanikata."

"Sasa mama, nendeni mkazungumze. Akikugusa, njoo uchukue PF3."

PF3 ni fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali. Yaani aliambiwa arudi akiwa na jeraha. Hasira ile bado ninayo, kwa sababu baadaye nilijua kwamba kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kumtishia mtu kuwa utamdhuru au kumuua kuwa ni kosa lenyewe, hata kama hakuna aliyeguswa. Askari hakuhitaji kusubiri. Mama mdogo alitoka pale ameinamisha kichwa kama yeye ndiye aliyeshtakiwa, na njiani kurudi akasema angeacha tu, labda yule bwana angechoka.

Hakuchoka. Aliyetuokoa ni msaidizi wa kisheria, mwalimu mstaafu aliyekuwa akikaa na watu chini ya mwembe nyumbani kwake. Jambo la kwanza alilouliza ni kama zile meseji zipo. Zilikuwepo chache. Simu ya mama mdogo ilikuwa ile ndogo ya tochi. Ikijaa haipokei mpya mpaka ufute za zamani, na yeye alikuwa anafuta za vitisho kwanza ili abaki na za wateja. Mwalimu akamkataza kufuta kitu kabla hajakinakili.

Kaunta buku yake ninayo mpaka leo. Kurasa za mbele ni wadeni wa ndizi. Ukiigeuza na kuanzia nyuma, kuna safu nne alizochora kwa kalamu, akinyoosha mistari kwa ukingo wa boksi la sabuni: tarehe, saa, namba, maneno. Aliandika maneno kama yalivyokuja, pamoja na makosa ya herufi. "Ntakukata." "Usku huu." Jioni alikuwa ananiita, mimi nashika simu na kusoma, yeye anafuatisha kwa kidole kwenye buku kuhakikisha halikuruka neno. Ilikuwa kazi chungu kumsomea mama yangu mdogo maneno yale kwa sauti, huku watoto wake wakisoma kwenye taa ile ile.

Mwalimu alikuwa na nakala ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ya Kiingereza, pembeni ameandika tafsiri kwa penseli. Kifungu cha 66 nilikuwa nimewahi kukisikia, kile kinachosema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Ambacho hatukujua ni kwamba sheria hiyo hiyo inaipa mahakama uwezo, shauri la ndoa likiendelea na hata baada ya talaka, wa kumwamuru mtu aache kumlazimisha mwenzi au mtalaka wake kuwa naye, na aache kumbughudhi. Uwezo huo upo tangu 1971. Hakimu aliyetoa talaka angeweza kutoa na amri hiyo. Hakuna aliyemwambia mama mdogo aiombe.

Akaiomba. Mahakama ya Mwanzo ina uzuri mmoja: Kiswahili ndiyo lugha yake, kwa hiyo alijieleza mwenyewe. Hakimu alikaa na wazee wa baraza wawili, mmoja mama mtu mzima wa makamo ya bibi yangu. Yule bwana alikuja amevaa vizuri, akasema, "Mheshimiwa, mimi bado nampenda." Yule mama wa baraza akaomba asomewe mstari mmoja tu wa kaunta buku. Karani akausoma. Mama akamgeukia: "Baba, saa nane ya usiku unamwandikia mtu unayempenda kuwa utamkata?" Hakujibu.

Amri ilisema asimpigie simu, asimwandikie, asifike nyumbani kwake wala kwenye meza yake ya sokoni. Likiwepo jambo la watoto lipitie kwa mwenyekiti wa mtaa. Tulitoa nakala nyingi. Moja kwa mwenyekiti, moja kwa mjomba, moja Dawati la Jinsia na Watoto, ambako askari wa kike aliipokea, akaisoma yote, akatupa namba yake. Na moja mama mdogo alikwenda kuwasomea vijana wa bodaboda pale njia panda. Niliona aibu kwa ajili yake, yeye hakuona. Vijana wale walikuwa wakimwona mwenzao akiegesha pale kila asubuhi na walidhani ni mambo ya mapenzi.

Alikuja tena mara moja, amelewa, usiku. Bodaboda walimpigia mwenyekiti, mwenyekiti akampigia askari wa dawati. Alilala mahabusu. Kukaidi amri halali ya mahakama ni kosa, na safari hii hakuna aliyeuliza jeraha liko wapi. Baada ya hapo akahamia Kilosa kwa ndugu zake.

Habari zikaenea, na wanawake wakaanza kumjia mama mdogo mezani. Mmoja alikuwa binti aliyerudisha posa. Mchumba alikuwa anamtishia kumwagia tindikali. Mwalimu alifungua Sheria ya Ndoa na kuifunga. Hawakuwahi kuoana. Kwake ilibaki polisi, au kwenda kuapa mbele ya hakimu chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ili yule kijana afungwe dhamana ya kulinda amani, ambayo haizidi mwaka mmoja. Uganda walikuwa na sheria yao ya ukatili wa majumbani tangu 2010, ambayo chini yake hakimu hutoa amri ya ulinzi. Kenya walipata yao 2015, nayo inamtaja hata aliyewahi kuwa mchumba. Sisi mpaka leo hatuna sheria inayosimama peke yake kwa jambo hili.

Binti alikwenda kuapa. Mama mdogo alifunga meza yake siku hiyo, akafuatana naye.