Taa ya Shift

Wenzangu mlio darasani, nanyi mliokwisha kutoka, bila shaka mwaijua taa ndogo ya Caps Lock. Je, mmepata kujiuliza ni nani aiwashaye? Si kibodi. Kibodi hupeleka habari tu kwamba kitufe kimebonyezwa. Kompyuta ndiyo ikatayo shauri, kisha huamuru taa iwake. Shift, Ctrl na Alt hazikupewa taa, kwa kuwa mtu huzishikilia, na kidole chake chamtosha kuwa shahidi.

Mjomba wangu ana mkono mmoja. Akaa Base Camp, Nakivale, na riziki yake ni kuwachapia watu barua na kuwajazia fomu. Shift yake ni ya kungoja: huigusa, huiacha, na herufi ifuatayo hutoka kubwa. Taabu ni neno la siri. Hapo huonekana vitone tu. Asipokuwa na yakini kama Shift ingali inangoja, neno hukataliwa, na likikataliwa mara kadhaa mlango hufungwa. Mteja naye huenda zake na fedha yake.

Ndugu yake aliyehamia Canada alimpelekea kibodi iwezayo kuandikiwa programu, yenye taa chini ya kila kitufe. Likizo iliyopita niliichukua Makenke, kwa shangazi, nikaifanyia kazi kwa QMK, programu itolewayo bure. Kwanza nilihamisha kule kungoja kutoka kwenye kompyuta nikakutia ndani ya kibodi, kwani kibodi haiwezi kuonyesha jambo isilolijua. Humo vitufe vinane vya namna hii vina hesabu zake, 1, 2, 4, 8, hata 128. Ctrl ya kushoto ni 1, Shift ya kushoto ni 2. Zote mbili pamoja ni 3. Lakini maswali ni mawili: vipi vimeshikiliwa, na vipi vinangoja? Majibu yamewekwa mbali mbali. Ukiuliza la kwanza peke yake, mtu kama mjomba atabaki gizani.

Taa nyingine zote nilizizima (kibodi inayometameta kama nyumba ya arusi haisemi neno), nikaacha Shift ing'ae njano wakati wa kungoja.

Mjomba alichapa neno la siri refu, akaingia mara moja. "Mpwa wangu, sasa naiona," akasema. Kisha akauliza mbona Ctrl nayo ni ya njano. Hiyo nitaigeuza buluu.