Sauti Zilizokwenda Beijing

Watu wengi wa rika langu hapa Muheza waliijua Beijing kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho. Idhaa ya Kiswahili ya mji ule, ambao siku hizo tuliuita Peking, ilianza kutangaza mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Mwenye redio ya betri alizungusha kidude chake taratibu usiku, na sauti ikaja na kupotea kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto. Tulisikia habari za mapinduzi, mavuno na urafiki. Hakuna aliyewaza kwamba iko siku mji huo utaingia sebuleni mwetu na kugombana, kwa Kiswahili, kuhusu nani apike chakula cha jioni.

Siku hiyo ilifika mwaka 2011. Televisheni ya Taifa, TBC, ilianza kuonyesha mchezo wa Kichina uliopewa jina la Doudou na Mama Wakwe Zake. Wachina wenyewe walikuwa wameutazama kwao mwaka 2010. Ni habari ya muuguzi kijana wa Beijing, Mao Doudou, aliyeolewa na kijana ambaye wazazi wake waliachana na baba akaoa mke mwingine. Basi yule binti akajikuta ana mavyaa wawili, na kila mmoja ana lake. Sauti za Kiswahili ziliingizwa huko huko Beijing, katika Radio China Kimataifa, na waigizaji kutoka Afrika Mashariki. Mchezo huo ulipata sifa kiasi kwamba Rais Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013, aliutaja kwa jina.

Ili msomaji aelewe kwa nini jambo hili lilitugusa, hana budi kukumbuka Mchina tuliyemjua kwenye sinema kabla ya hapo. Alikuwa mtu wa kupiga mateke. Tangu enzi za Bruce Lee katika miaka ya 1970, na baadaye kwenye vibanda vya video, vijana wetu walitoka kwenye onyesho wakirusha miguu njia nzima mpaka nyumbani. Filamu zenyewe nyingi zilitoka Hong Kong, wala si Beijing, lakini kwetu wote walikuwa Wachina tu. Maneno hawakuyaelewa na wala hawakuyahitaji. Katika filamu hizo sikumbuki kumwona Mchina akimenya kitunguu, au akimficha mkwewe bei ya kitambaa. Hakuwa na wifi. Mtu asiye na wifi ni vigumu kumchukulia kuwa jirani.

Mama yangu mzazi, wakati huo akiwa amevuka miaka 80, hakuipenda televisheni. Alisema ni mgeni asiye na adabu, anaingia bila hodi, anasema peke yake na hasikilizi. Lakini mchezo wa Doudou ulipoanza, alikuwa akibebewa kigoda chake kwenda nyumba ya pili, kwa jirani, na huko akajibizana na wale watu kana kwamba wamekaa naye mkekani. "Mwache kwanza avue viatu," alimwambia mavyaa mmoja. Jioni ya kwanza aliporudi alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe na huko wako mavyaa." Maneno hayo manne au matano yalimfikisha Beijing kuliko redio yote ya mwaka 1961 na kuendelea.

Hata hivyo aliona kasoro ambayo sisi tuliojiona wasomi hatukuiona. Sisi tulicheka kwamba midomo ya Wachina inafunga kabla neno halijaisha. Yeye alisema kosa haliko mdomoni. "Kiswahili anacho huyu binti, lakini hana pa kukiweka." Alikuwa na maana kwamba mkaza mwana anamjibu mavyaa uso kwa uso, bila salamu, bila kumtuma mtu wa kumwombea, bila hata kuinamisha kichwa. Maneno yalikuwa yetu, mwenendo wa kuyasema haukuwa wetu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Mtu akikupa hadithi yake ndani ya lugha yako, amekupa nini hasa, na amechukua nini?

Swali hilo liliingia nyumbani mwetu kabisa mwaka 2016. Mwaka huo kampuni ya StarTimes iliendesha Tanzania shindano la kutafuta watu wa kuingiza sauti za Kiswahili katika filamu na michezo ya Kichina, na washindi wakapelekwa kufanya kazi Beijing. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na asiye na ajira. Aliposikia habari hizo hakulala. Dada yangu hakutaka. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na Beijing si Korogwe, mtu hapandi basi asubuhi akarudi jioni. Palikuwa na maneno makali katika familia, na mimi kama mjomba niliitwa kusuluhisha. Aliyesuluhisha ni mama. Alisema, "Mwacheni aende akajaribu. Lakini kwanza aje kwangu, maana hajui kusema."

Basi kwa muda wa miezi kama miwili kijana alikwenda kwa bibi yake kila jioni, baada ya swala ya magharibi. Alijirekodi kwa simu ili asikie makosa yake, na bibi alimsimulia ngano za Kibondei, nyingine kwa Kiswahili, nyingine kwa Kibondei chenyewe, kisha akamtaka azirudie. "Mume wangu," alimwita, kama bibi wa huku wanavyowatania wajukuu wao, "usiseme kwa mdomo. Mzee huyu ana njaa siku ya tatu, sasa hiyo shibe kwenye sauti yako umeitoa wapi?" Alimfundisha kunyamaza panapostahili kunyamaza. Alimfundisha kwamba fisi hasemi haraka, kwa kuwa anadhani ana akili. Nilikuwapo baadhi ya jioni hizo, na nakiri kwamba katika miaka yangu yote ya ualimu sikupata kuona somo la kusoma kwa sauti lililofundishwa vizuri namna ile.

Nilipowatazama wale wawili nilikumbuka habari ya Vugiri, ambayo watu wengi wa mkoa wetu hawaijui ingawa ilitokea juu ya milima hii hii ya Usambara, upande wa Korogwe. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza wawili, Meja Notcutt na bwana Latham, waliweka huko makao ya mradi wa kutengeneza sinema za kuwaelimisha Waafrika. Fedha ilitoka kwa taasisi ya Carnegie ya New York. Walitengeneza filamu fupi kama 35, kuhusu kodi, safura, kilimo na kuweka akiba posta. Waigizaji walikuwa watu wetu. Kwa kuwa picha zile hazikuwa na sauti ndani yake, maneno yalitiwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine kadhaa, na santuri ikapigwa picha inapopita. Lori lilizichukua likazunguka nazo nchi hadi nchi, Tanganyika, Kenya, Uganda, na huko ambako leo ni Malawi na Zambia.

Kwa hiyo kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye picha si jambo lililozaliwa Beijing. Lilikuwapo hapa karibu miaka 90 iliyopita, juu ya mlima tunaouona siku isiyo na ukungu. Lakini ilikuwa sauti ya namna moja tu. Katika filamu ya posta yupo mtu aliyeficha fedha zake nyumbani, zikaibiwa, na mwingine aliyepeleka zake benki, zikasalimika. Mafunzo hayo si mabaya. Ila Mwafrika wa Vugiri alisimama mbele ya kamera ili aonekane anakosea, kisha anafundishwa. Hakuulizwa anajua nini. Serikali za kikoloni hazikuwa tayari kuubeba mradi ule fedha za Carnegie zilipokwisha, ukafa, na filamu zilizosalia hadi leo zinahesabika kwa vidole. Hapa kwetu sijaona chochote kilichoota kutokana nao.

Beijing yenyewe ilianza vingine. Wachina huhesabu kwamba filamu yao ya kwanza ilipigwa mwaka 1905 katika duka la mpiga picha mmoja wa mji huo, lililoitwa Fengtai. Mashine ilikuwa ya kigeni, kama ilivyokuwa ya kigeni Vugiri. Lakini mbele yake walimsimamisha Tan Xinpei, mwigizaji mashuhuri wa opera ya Beijing, mtu wa makamo aliyekwisha kupita miaka 50, akacheza sehemu za mchezo wa zamani uitwao Dingjunshan. Filamu haikuwa na sauti, kwa hiyo mwimbaji mkubwa wa mji alionekana akicheza bila kusikika. Haidhuru. Chombo kipya walikikaribisha kwa kukionyesha kwanza kile walichokuwa nacho. Filamu ile nayo imepotea, lakini hapana shaka watu walioanza hivyo hawakushangaa kuwa na michezo ya kupeleka nchi za watu miaka 100 baadaye.

Sisi tuna mfano wetu wa kupokea cha Wachina na kukifanya chetu, nao ni sarakasi. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China wakajifunza kazi hiyo kwa miaka kadhaa, na waliporudi kikaanzishwa mwaka 1969 Kikundi cha Taifa cha Sarakasi. Wenye umri wangu wanawakumbuka, watu wanaobeba viti juu ya viti, au wanaopanda mabegani mwa wenzao mpaka shingo zetu zikauma kwa kuwatazama. Vikundi vya taifa vilikuja kuvunjwa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanza Bagamoyo. Lakini sarakasi haikufa. Iliingia mitaani, vijana wakarithishana, wakaifunga na ngoma zetu, na leo wanaicheza kwenye hoteli na sherehe bila kujua kwamba babu yao wa kazi aliipanda ndege kwenda China kuifuata. Ilidumu kwa sababu ilikaa mwilini. Kilichokaa mwilini huwezi kukipakia kwenye lori ukaondoka nacho.

Je, kuingiza sauti kuko upande gani, wa Vugiri au wa sarakasi? Naona kumesimama katikati. Kijana wetu anayekwenda Beijing anajifunza kazi halisi, na anaifanya kwa koo lake mwenyewe. Lakini hadithi anayoisema si yake. Anaazima sauti kwa mtu mwingine, kama yule wa santuri. Yote inategemea atakachokifanya na koo hilo siku akiwa hana mtu wa kumsemea.

Mpwa wangu alikwenda Dar es Salaam, akashindana na wengi, hakuchaguliwa. Alirudi na begi lake, akakaa ndani wiki nzima. Dada yangu alijitahidi sana asionyeshe furaha. Baadaye kijana alianza kualikwa kusherehesha arusi, kwanza za mtaani, kisha za Tanga mjini, na watu husema ana jambo ambalo washereheshaji wengine hawana. Anajua kunyamaza. Mimi najua alikolitoa.

Mama alifariki mwaka 2018. Baada ya arobaini, tulipokuwa tukizungumza mambo ya mirathi, mashamba mawili na miti ya michungwa, kijana alitoa simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka akasema na yeye ana kitu cha bibi. Zilikuwamo ngano 11. Alizirekodi si kwa ajili ya kumbukumbu, bali kwa ajili ya mazoezi, ili apate kwenda Beijing. Katika moja jogoo anawika katikati, na mama anamkemea kisha anaendelea pale pale alipoachia. Katika nyingine anauliza kama simu haitaisha chaji kwa maneno mengi. Katika tano ni Kibondei kitupu, ambacho wajukuu zake wengi hawakielewi, wakahitaji mtu wa kuwafasiria maneno ya bibi yao.

Ukoo wetu una walimu watatu, na mmoja amesoma hadi Ulaya. Sauti ya mama tuliyo nayo tumeipata kwa sababu ya Doudou na mavyaa wake wawili. Kwa hiyo siwezi kusimama nikasema vya wageni vinatupoteza. Vinatupoteza tukivikalia kigoda tu na kutazama. Vikitulazimisha kufungua kinywa, hata kama ni kwa tamaa ya safari, huweza kutuonyesha kilichokuwa ndani siku zote.

Leo kamera imo mfukoni mwa kila kijana wa Muheza, jambo ambalo Meja Notcutt na lori lake wasingeliamini. Wako wazee huku wanaojua kupiga mdumange kwa mpigo wa zamani. Wako wanawake waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ambao wakianza kusimulia habari za kambi utasahau kula. Hawahitaji kuigiza chochote. Wanahitaji mjukuu mmoja wa kukaa mbele yao baada ya magharibi, awe na sababu yoyote ile, na simu yenye chaji.