Nilikuwa Mlinzi wa Chupa

Nilikuja Yokohama kwa biashara ya magari ya mitumba: kuyanunua mnadani, kuyapakia melini, kuyapeleka Dar es Salaam. Mnadani unazoea kuangalia bei kwanza, kitu chenyewe baadaye, na mazoea hayo nilirudi nayo nyumbani, hata kwenye wiski. Jim Murray, Mwingereza anayeandika mwongozo wa wiski, alikuwa ameitaja Yamazaki Sherry Cask ya 2013 kuwa bora kuliko zote duniani katika toleo lake la 2015. Watu wakaanza kuzisaka wiski za Kijapani madukani, nami nikaingia kwenye msako.

Nilinunua bila kuonja. Nilizipanga kabatini nyuma ya mfuko wa mchele, zikiwa wima, maana nilisikia kwamba chupa ya wiski ikilazwa pombe inakula kizibo. Usiku nilizitoa nikazifuta vumbi. Hibiki 17 ndiyo iliyonilia muda zaidi: chupa yake ina pande 24, nami niliufuta upande mmoja mmoja kwa kitambaa cha miwani. Wageni wangu, vijana wenzangu wa magari, niliwapa bia. Wakiuliza kama nina kitu kikali, nasema sina, na kabati liko mgongoni pangu.

Mei 2018 Suntory, kampuni inayoitengeneza, ilitangaza kwamba inasitisha kuuza Hibiki 17 na wiski yake nyingine, Hakushu 12. Wiski iliyokomaa ilikuwa haitoshi. Miaka ya 1980 na 1990 Wajapani walikuwa wamepunguza kuinywa, viwanda navyo vikakeneka kidogo, na wiski ya miaka 17 lazima uwe umeiweka pipani miaka 17 iliyopita. Walioipenda walisikitika. Mimi nilifurahi, nikakimbilia kuongeza Hakushu kwa bei ambayo mke wangu hajaijua mpaka leo.

Mwenye nyumba wetu ni mzee mjane anayeishi ghorofa ya chini. Siku moja nilimsaidia kutoa friji kuukuu nje, akanikaribisha ndani nipumzike. Akafungua kabati la vyombo, akatoa Yamazaki iliyokomazwa kwenye mapipa ya mizunara, aliyoinunua kabla bei hazijapaa. Haikuwa imeguswa. Nilipomwona anaanza kuchana utepe wa kizibo, nilishika mkono wake.

"Mzee, ngoja kwanza. Unajua hii sasa inauzwa kiasi gani?"

"Mwanangu aliniambia," akasema. "Lete glasi yako."

Zilikuwa glasi za kawaida za maji. Funda la kwanza liliniunguza tu. Mzee akachukua kijiko cha chai, akanidondoshea maji kidogo, akanionyesha kwa kidole ninuse kabla ya kunywa. Nikanusa udi. Si kitu cha kufanana na udi, bali harufu ileile ya nguo za shangazi yangu Tanga, zikitoka kufukizwa siku ya harusi. Nilikaa na ile glasi puani mpaka mzee akacheka.

Mizunara ni mwaloni wa Kijapani. Wajapani walianza kuutumia kwa wiski wakati wa Vita Kuu ya Pili, mapipa ya kutoka nje yalipokosekana. Ni mti msumbufu. Hukua taratibu mno, hivi kwamba unaofaa kwa pipa huwa na umri wa miaka kama 200, na mbao zake zinavuja. Wiski changa ikitoka humo ina ladha kali ya mti. Harufu ya udi huja baada ya miaka mingi, kwa anayevumilia kuvujiwa. Yote haya nilikuwa nimeyasoma zamani.

Lile friji ningelibeba hata kwa kikombe cha chai. Hakuna nilichomfanyia mzee yule kilicholingana na chupa ile, na alijua kwamba hataipata nyingine.

Natamani ningeweza kukuambia kwamba nilipanda juu nikafungua kabati langu. Sikufungua. Usiku uleule niliingia kwenye simu kutafuta bei, nikapiga hesabu kila glasi tuliyokunywa ilikuwa ya yeni ngapi. Kesho yake nikafuta vumbi kama kawaida.

Chupa yangu ya kwanza niliifungua kwa hasira. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2021 chama cha watengenezaji kiliweka masharti: ili iitwe wiski ya Kijapani, lazima maji yawe ya Japani, ikenekwe huko, ikae ndani ya mapipa ya mbao angalau miaka 3 hukohuko, na itiwe chupa hukohuko. Kabla ya hapo, wiski ya nje iliweza kuuzwa kwa jina hilo, na chupa mojawapo niliyoilinda sana ilikuwa na wiski ya nje ndani yake. Nikaing'oa kizibo nikijua nitaitema. Ilikuwa tamu. Mwaka huohuo Hakushu 12 ikarudi madukani, na mali yangu ikaanza kunichekesha.

Tangu hapo tunakunywa na wageni, kidogo, baada ya chakula. Sikushawishi wewe usiyekunywa; naongea na mwenye kabati kama langu, la wiski au la vyombo vya wageni. Nimejifunza kutia maji tone kwa tone, na siku za joto kunywa kama Wajapani wengi, kwa barafu na maji mengi. Hakushu nilimfungulia kijana mmoja wa Mombasa aliyekuja kuaga. Kiwanda cha Hakushu kiko msituni tangu 1973, na wiski yake inanukia majani mabichi na moshi kwa mbali. Nilikuwa naanza kumweleza hayo alipouliza kama kuna Coca-Cola. Iliniuma. Nikaifuata kwenye friji, nikammiminia mwenyewe, akaniambia ni nzuri sana, akaomba nyingine.

Hibiki 17 bado sijaifungua. Najiambia inamsubiri kaka yangu akija kutoka Tanga, na kaka yangu hanywi pombe.